Stadi za kidijitali zinazomfaa mwanafunzi darasani na nje yake

MTAALA wa CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa nguzo saba za umilisi anaotarajiwa kuwa nao mwanafunzi. Aghalabu watu hudhani kuwa ujuzi huo ni kuwasha tarakilishi, kupiga chapa na kufungua mitandao ya kijamii. Hiyo ni sehemu ndogo mno. Kijana anayetazama video usiku kucha katika rununu ya mzazi huenda akashindwa kubaini iwapo habari aliyoisoma ni ya kweli, au arafa aliyoipokea ni ya tapeli.

Stadi ya kwanza ni kutafuta na kuchuja habari. Mathalani, mwanafunzi wa Jiografia anayetaka kujua idadi ya Wakenya atakutana mtandaoni na takwimu mbili zinazokinzana: milioni 38.6 na milioni 47.6. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni ya sensa ya 2009 ilhali ya pili ni ya sensa ya 2019. Asiyeangalia tarehe atanakili ya kale na kukosa alama. Inafaa pia azoee kurejelea chimbuko la habari, ambalo katika mfano huu ni Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), badala ya kutosheka na ukurasa wa kwanza unaojitokeza.

Tahadhari hiyo inahitajika maradufu kwa programu za akili unde, zilizoenea tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022. Programu hizi hubashiri maneno yanayoelekea kufuatana. Hazina hakika na zinayoyasema. Ziulizwe kuhusu tamthilia ya Bembea ya Maisha yake Timothy Arege na huenda zikaunda mhusika asiyekuwemo, tena kwa Kiswahili sanifu kinachoweza kumhadaa hata mwalimu asiye makini. Mwanafunzi anaweza kuzitumia kufafanuliwa dhana ngumu au kutungiwa maswali ya marudio, lakini tamthilia yenyewe sharti aisome.

Penye hatari kubwa zaidi ni pale pesa na nafasi za masomo zinapohusika. Maombi ya kujiunga na vyuo kupitia KUCCPS na ya mikopo ya HELB hufanywa mtandaoni, na wengi wasio na vifaa nyumbani huenda kwenye vibanda vya intaneti, maarufu kama saiba. Huko, aghalabu mhudumu ndiye anayejaza fomu, anayeteua nywila na hata kupendekeza kozi. Mwanafunzi huondoka na karatasi iliyochapishwa ilhali ufunguo wa akaunti yake umebaki na mtu asiyemjua, na kozi inaweza kubadilishwa maadamu muda wa maombi ungali wazi. Heri aketi mwenyewe mbele ya tarakilishi hata kama atapiga chapa polepole, aunde nywila yake, atumie barua pepe yake na nambari yake ya simu, kisha aifunge akaunti kabla ya kulipa na kwenda zake.

Kuhusu tovuti ghushi, wengi hufundishwa kutazama tamati ya anwani: .go.ke kwa serikali na .ac.ke kwa vyuo. Kigezo hicho hakitoshi, kwani HELB yenyewe kwa miaka mingi imetumia anwani ya .co.ke. Muhimu ni kuisoma anwani nzima, herufi kwa herufi, na kuiandika mwenyewe badala ya kubofya kiungo kilichotumwa kwa WhatsApp.

Matapeli wa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, hutumia mbinu sahili. Arafa huingia ikidai pesa zimetumwa, kisha hupiga simu mtu anayesihi arejeshewe, eti amekosea nambari. Arafa halisi hubeba jina MPESA. Ya tapeli mara nyingi hutoka kwa nambari ya kawaida. Mwanafunzi aangalie salio kwanza, wala asimtajie yeyote nambari yake ya siri. Wanaouza "karatasi" za KCSE katika Telegram ni ndugu wa matapeli hao.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inaharamisha kusambaza picha za faragha za mtu mwingine. Picha inayotumwa bwenini kwa mzaha huweza kumfikisha kijana kortini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahitaji idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Mnamo 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo.

Jambo jingine, ambalo wengi hulipuuza hadi maji yanapomwagika, ni kuhifadhi kazi. Watahiniwa wa somo la Tarakilishi katika KCSE huandaa mradi kwa miezi kadhaa, na flashi moja iliyopotea au kuingiwa na virusi yatosha kuifuta kazi yote. Nakala ya pili aitume kwa barua pepe yake kila jioni, faili ikiwa na tarehe katika jina lake ili asije akawasilisha ile ya zamani.