Alibhai Mulla Jeevanjee: Mkandarasi wa Reli Aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria

Alibhai Mulla Jeevanjee (1856–1936) alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, mji uliokuwa chini ya utawala wa Waingereza nchini India na ambao leo umo Pakistan. Ndiye mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Himaya ya Afrika Mashariki, eneo ambalo baadaye likawa Kenya. Bustani yenye jina lake ingali katikati ya jiji la Nairobi.

Biashara na ujenzi wa reli

Jeevanjee alitoka katika jumuiya ya Mabohora na hakupata elimu kubwa ya shule. Alianza kufanya biashara India, akaenda Adelaide, Australia, na mwaka 1890 akafungua kampuni yake Mombasa. Kandarasi zake za mwanzo zilitoka kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyotawala eneo hilo kabla ya Serikali ya Uingereza kulitwaa mwaka 1895.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulipoanza Mombasa mwaka 1896, alipewa kandarasi ya kuleta mafundi na vibarua kutoka India, kuwapatia chakula na kushiriki katika kazi za ujenzi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ufukwe wa Ziwa Victoria mwaka 1901. Zaidi ya vibarua na mafundi 31,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya kazi hiyo. Takriban 2,500 kati yao walifariki. Utajiri wa Jeevanjee ulitokana kwa kiasi kikubwa na mradi huo.

Nairobi ilipoanza kukua, alinunua viwanja, akajenga majengo pamoja na soko la mji lililoitwa kwa jina lake. Huko Mombasa alianzisha gazeti la African Standard mwaka 1902. Aliliuza mwaka 1905, na wamiliki wapya wakaliita East African Standard. Ndilo asili ya gazeti la The Standard linalochapishwa Kenya hadi sasa. Mwaka 1906 alitoa bustani kwa matumizi ya wananchi, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa na mwana wa Malkia huyo, Mtawala wa Connaught.

Kuingia katika siasa

Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1907 likiwa na wajumbe Wazungu pekee. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuwa mjumbe. Humo alikuwa peke yake mbele ya maofisa wa serikali na wawakilishi wa walowezi, na hakuwa na uwezo wa kuzuia uamuzi wowote. Muhula wake ulipomalizika, Wahindi walikaa miaka kadhaa bila mjumbe.

Suala kuu lilikuwa ardhi. Tangu mwaka 1908 Serikali ya Uingereza ilikuwa imekubali kwamba mashamba ya nyanda za juu yasigawiwe Wahindi. Mtu aliyeijengea serikali reli na ofisi hakuruhusiwa kumiliki shamba katika eneo ambalo reli hiyo ilipita. Mwaka 1910 alipeleka malalamiko hayo London, na mwaka 1912 akachapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Kongamano la Kitaifa la Wahindi wa Afrika Mashariki, lililofanya mkutano wake wa kwanza Mombasa chini ya uenyekiti wake.

Hata hivyo, usawa alioudai ulikuwa na mipaka. Madai yake yalihusu Wahindi kupewa haki sawa na Wazungu kama raia wa dola moja, na mwaka 1910 alifika hatua ya kupendekeza hadharani kwamba eneo hilo liunganishwe na India. Waafrika, ambao ardhi hiyo ilikuwa yao, hawakuwa na nafasi katika pendekezo hilo.

Waraka wa mwaka 1923

Mvutano kati ya walowezi na Wahindi ulifikia kilele mwaka 1923, wajumbe wa pande zote mbili walipokwenda London. Jeevanjee alikuwamo katika ujumbe wa Wahindi. Serikali ya Uingereza ilitoa Waraka wa Devonshire, uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa. Kivitendo, nyanda za juu zilibaki mikononi mwa Wazungu, ambao walitengewa viti 11 vya kuchaguliwa dhidi ya 5 vya Wahindi. Waafrika waliwakilishwa na mmisionari. Mjumbe wa kwanza Mwafrika, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944.

Urithi

Jeevanjee alifariki Nairobi mwezi Mei 1936 akiwa na umri wa miaka 80. Kufikia wakati huo sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa imepotea.

Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga maegesho ya magari katika bustani yake. Mjukuu wake, mwandishi na mwanaharakati Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga, na mpango huo ukaachwa. Mwaka 2015 sanamu ya Malkia Victoria iliharibiwa.

Bustani ya Jeevanjee, iliyo kati ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Muindi Mbingu, imebaki kuwa mali ya umma. Tangu miaka ya 1990 wananchi wamekuwa wakikutana hapo kujadili masuala ya nchi katika jukwaa linaloitwa Bunge la Mwananchi, ambalo mtu yeyote anaweza kusimama na kuzungumza bila kuteuliwa na serikali.