Mtambaji, si "Sauti-Juu"

Katika rasimu ya istilahi za utangazaji tuliyogawiwa kwenye warsha moja mwaka huu, nilikuta yule mtu anayesimulia kipindi cha runinga bila sura yake kuonekana amebatizwa "sauti-juu". Niliinua mkono. Mwenyekiti akasema muda umekwisha, mwenye maoni ayalete kwa maandishi. Niliyaandika kurasa 3, na jibu lililorudi lilikuwa na mistari 2, ambamo pendekezo langu, mtambaji, liliandikwa "mtambaazi". Mtambaazi ni mmea unaotambaa. Watu waliopewa dhamana ya kulinda maneno hawakulisoma neno lenyewe, na ndiyo maana nalileta mbele ya wasomaji.

Kwa Mswahili yeyote, sauti ya juu ni ya mtu anayegombana, au anayemwita mwenziwe aliye ng'ambo ya mto. Sasa mchukueni Peter Thomas, aliyesimulia kipindi cha Marekani cha visa vya uhalifu, Forensic Files, tangu 1996 hadi 2011. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alitaja sumu iliyotiwa kwenye kinywaji cha mume kwa utulivu uleule aliotumia kutaja mtaa walioishi wanandoa hao, na utulivu huo ndio uliokuwa ukimsisimua mtazamaji. Alifariki 2016 akiwa na miaka 91. Sauti yake ilikuwa ya chini maisha yake yote ya kazi, na rasimu yetu inataka aitwe sauti-juu!

Tena sarufi yenyewe inaligomea. Tuseme "sauti-juu imechelewa studio" au "sauti-juu amechelewa"? Na wakiwa 2, ni "hizi" au "hawa"? Waliolibuni hawakulipitisha kwenye sentensi hata moja. Walitazama neno la Kiingereza, voice-over, wakalikata vipande viwili, wakavibandika upya kwa gundi ya Kiswahili.

Wapo wenzetu, tena wa heshima, wanaosema msimulizi linatosha. Silichukii. Lakini msimulizi ni jirani aliyeona ajali barabarani, ni nafsi inayozungumza ndani ya riwaya, ni bibi kizee anayekumbuka mafuriko. Neno lililokwisha kubeba wote hao haliwezi kutaja ufundi wa mtu mmoja. Neno msomaji ni dhaifu zaidi: linamfanya aonekane kama anayetusomea gazeti.

Mtambaji limo tayari katika fasihi simulizi yetu: ndiye atambaye ngano. Anasema "Paukwa!" na hadhira inaitika "Pakawa!", na hapo mkataba umefungwa. Kitenzi chake, kutamba, kina maana zinazovutana. Kutamba ni kutembea kwa madaha. Kutamba ni kujinaki. Kutamba ni kutoa hadithi mbele ya watu. Kiambishi -ji cha mwisho kinaeleza mazoea, kama katika mwimbaji na mchezaji: huyu si aliyesimulia jana kwa bahati, bali kazi yake ndiyo hiyo. Karibu yake sikioni pana kutambaa, mwendo wa polepole wa kiumbe kilicholala chini, na kutambua, ambako ndiko kila kisa cha uhalifu kinakoelekea: kumtambua maiti, kumtambua muuaji. Sidai maneno haya yote yamezaliwa tumbo moja. Nadai kwamba mtu anayelisikia moja huyasikia na mengine, na istilahi nzuri huja na ukoo wake.

Mwendo ndio unaotofautisha watambaji wa vipindi vya uhalifu vya Marekani. Robert Stack katika Unsolved Mysteries alijitokeza mwenyewe, amevaa koti refu, ukungu nyuma yake, akija taratibu kuelekea kamera huku akitaja mtu aliyetoweka. Watazamaji walikuwa wamemzoea tangu 1959 akiigiza afisa Eliot Ness, kwa hiyo kila hatua ilibeba mamlaka ya sheria. Huko ni kutamba kwa maana zote. Keith Morrison wa Dateline huegemea ukuta au mlango, akavuta maneno kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akaliacha swali likining'inia hadi matangazo ya biashara yaishe. Paul Winfield, katika City Confidential, aliutamba mji mzima kwanza, barabara zake na majungu yake, kabla damu haijamwagika. "Sauti-juu" linawatia wote hao gunia moja.

Mpinzani wangu mkubwa, ambaye sitamtaja, aliandika kwamba kutamba ni maringo, na marehemu hastahili kuringiwa. Hoja hiyo nzito nimelala nayo usiku kadhaa. Jibu langu ni kwamba onyo hilo limo ndani ya neno lenyewe, na ni afadhali fundi alisikie kila anapoitwa. Nick Ross wa Crimewatch, kipindi cha BBC kilichoanza 1984, alikuwa na desturi ya kuwaaga watazamaji kwa kuwaomba wasiote ndoto mbaya, walale salama. Huyo alijua kuna watu upande wa pili wa kioo, na baadhi yao ni ndugu wa aliyeuawa.

Kwetu nako mfano upo. Mohammed Ali wa Jicho Pevu, kipindi cha KTN, alikuwa akitembea na kamera, akitamka Kiswahili kizito kwa vituo virefu, na Wakenya waliijua sauti hiyo kabla hajawa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Katika vibanda vya video, kina Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walitamba juu ya filamu za kigeni hadi watu wakazipenda kwa ajili yao. Mtaani wanaitwa madijei, na sina ugomvi na mtaa. Ugomvi wangu ni na meza iliyowaruka mafundi hao wote ikaenda kuokota "juu".

Matumizi: mtambaji, watambaji, utambaji, "kipindi kimetambwa na fulani". Jihadharini tu na kumtambia mtu, ambako ni kumringia.

Mwaka 2020 Unsolved Mysteries ilirudi kupitia Netflix bila mtambaji kabisa. Ndugu na mashahidi wanasimulia wenyewe, na sura ya Stack inapita kwa mbali katika utangulizi. Kwa istilahi ya rasimu ile, ingetubidi tuandike kwamba kipindi hakina sauti-juu, na mtazamaji angetafuta rimoti aongeze sauti. Barua yangu ya pili nimeipeleka kwa mkono, na neno nimeliandika kwa herufi kubwa.