Mpaka na Uzee: Kujitegemea kwa Wazee wa Busia na Tororo

Neno letu la leo ni kujitegemea. Tumezoea kulihusisha na vijana na mataifa machanga. Leo tulitazame kwa wazee wanaoishi mbali na ndugu zao.

Wajapani waliofika Brazil mwaka 1908 kwa meli ya Kasato Maru walijua kwamba wamevuka bahari. Kwa Wateso na Wasamia, mpaka ndio uliosafiri. Tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza waliutwaa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na nchi ambayo leo ni Kenya. Mpaka uliokuwa karibu na Naivasha ukasogezwa hadi katikati ya makazi yao.

Hata hivyo, ndugu waliendelea kuoana, kuuziana mifugo na kuzikana. Mzee alitegemea shamba, ng'ombe na wanawe. Tofauti ilijitokeza wazi serikali zilipoanza kuwapa wazee posho. Mwaka 2018, Kenya ilianza kuwalipa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Uganda, ilipoupeleka mpango wa SAGE nchi nzima, iliwalenga waliotimiza miaka 80, kwa shilingi 25,000 za Uganda.

Sasa wafikirie ndugu wawili wenye miaka 75: mmoja yuko Malaba ya Kenya, mwingine Malaba ya Tororo, ng'ambo ya daraja. Kwa masharti hayo, mmoja anastahili posho. Mwenzake angoje miaka mitano. Fedha hizo si nyingi, lakini hununua chumvi, sabuni na dawa bila mzee kumwomba mtu. Kujitegemea uzeeni si kuishi peke yako. Ni kutolazimika kuomba kila siku.

Pande zote mbili, umri huthibitishwa kwa kitambulisho. Wazee wengi walizaliwa bila cheti, wakaukumbuka mwaka wao kwa njaa, nzige au vita. Karani akikosea mwaka, haki ya mzee huchelewa. Kalamu iliyochora mpaka mwaka 1902 haikuwauliza wazee wa wakati ule. Ya leo haina budi kuwauliza.

Basi, ukirudi nyumbani, mwulize babu au bibi yako alizaliwa lini, kisha soma kitambulisho chake. Miaka isipolingana, mpeleke ofisini mapema.