Sambaza wa Ziwa Kivu: Samaki mgeni aliyekuta nafasi tupu

Msimu wa uvuvi unapokuwa wazi, kila jioni mitumbwi iliyounganishwa mitatu mitatu huondoka katika fuo za Rubavu kuelekea kwenye kina cha Ziwa Kivu, ikiwa na taa za kuwavutia samaki usiku. Kinachofuatwa ni sambaza, samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye leo ni kitoweo cha kila siku kuanzia Gisenyi na Goma hadi Rusizi na Bukavu. Hata hivyo, kabla ya mwaka 1958 samaki huyu hakuwako kabisa katika ziwa hili. Historia yake inaonyesha jinsi mazingira yanavyoamua ni kiumbe gani kitaishi, kitakua kwa kiasi gani na kitaishi maisha ya namna gani.

Nafasi ya kiikolojia ni nini?

Sokoni, muuza ndizi na muuza mkaa huweza kukaa bega kwa bega bila kugombana, kwa kuwa kila mmoja ana bidhaa yake na wateja wake. Viumbe navyo viko hivyo. Kila kimoja kina chakula chake, saa zake za kutafuta riziki, kiwango cha joto na oksijeni kinachokifaa, mahali pa kuzalia na maadui wa kuwakwepa. Jumla ya mambo hayo ndiyo inayoitwa nafasi ya kiikolojia.

Mwanasayansi wa Marekani Joseph Grinnell alilitumia wazo hilo mwaka 1917 alipoeleza maisha ya ndege mmoja wa California. Mwaka 1957, G. Evelyn Hutchinson alilipanua. Alitofautisha nafasi ambayo kiumbe kingeweza kuishika kama hakuna wa kukizuia, na ile ndogo zaidi ambayo hubaki nayo kikishakutana na washindani na maadui.

Ziwa lililozibwa na volkano

Zamani, maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, maji yakapanda, kisha yakapata mlango mpya upande wa kusini kupitia Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Ruzizi hushuka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika, na maporomoko yake yakawa kizuizi kwa samaki wa huko waliotaka kupanda.

Matokeo yake ni kwamba Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki, ilhali Kivu ina aina zisizofika hata 30. Wengi wa samaki wa asili wa Kivu huishi karibu na ufuo. Maji ya wazi ya katikati yalikuwa na wanyama wadogo sana waeleao, waitwao planktoni, lakini hayakuwa na samaki aliyeumbwa kuishi humo kwa kuwala. Chakula kilikuwapo, mlaji hakuwapo.

Ndugu wawili, mmoja akabaki

Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya dagaa vilichukuliwa kutoka Tanganyika na kumwagwa Kivu. Walikuwa wa aina mbili zenye udugu wa karibu: Limnothrissa miodon na Stolothrissa tanganicae. Limnothrissa alistawi, na ndiye sambaza tunayemjua. Stolothrissa alitoweka.

Stolothrissa ni samaki wa maji ya wazi aliyezoea namna moja ya maisha. Limnothrissa si mchaguzi. Angali mdogo, huyatumia zaidi maji ya karibu na ufuo. Akikua, husogea kwenye kina. Hula planktoni, lakini pia hula wadudu, na wakubwa hula hata wadogo wa jamii yao. Isitoshe, huko Tanganyika wote wawili huwindwa na samaki wakubwa wa jamii ya sangara, na wawindaji hao hawamo Kivu.

Samaki yule yule, maisha tofauti

Mwaka 1967 na 1968, Limnothrissa alipelekwa pia katika Ziwa Kariba, lililotokana na bwawa lililojengwa kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako anaitwa kapenta. Tanganyika anaweza kufikia urefu wa karibu sentimita 17, lakini Kariba wengi hawafiki hata nusu ya urefu huo, na huanza kuzaa wakiwa wadogo zaidi. Spishi ni ile ile. Kilichobadilika ni maji, chakula na hatari ya kufa mapema. Mahali ambapo maisha ni mafupi, anayewahi kuzaa ndiye anayeacha kizazi.

Mgeni naye hubadili nyumba

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Kivu, mgeni aliwaletea watu kitoweo na kazi, lakini si kila mwenyeji wa majini aliyepona. Baada ya sambaza kuenea, Dafnia, mnyama mdogo wa planktoni mwenye udugu na kamba, alitoweka. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, hivyo alionekana kwa urahisi na kuliwa. Waliobaki ni wadogo zaidi.

Tangu mwaka 2006, samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ameonekana Kivu. Naye hula planktoni. Nafasi iliyokuwa tupu sasa ina wawili wanaoigombea.

Uhai katika tabaka jembamba

Kivu ina kina cha mita 485, lakini samaki hawawezi kuishi katika sehemu kubwa ya kina hicho. Oksijeni hupatikana juu tu, na hata wakati wa kiangazi haizidi sana mita 60. Chini yake kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Huko nako kuna uhai: vijidudu visivyohitaji oksijeni hutengeneza methani, na bakteria walio kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili huila methani inayopanda. Kifo cha samaki ndiyo riziki yao.

Wakati wa kiangazi, upepo na ubaridi huyachanganya maji ya juu na kuinua virutubisho. Mwani huongezeka, planktoni hushiba, na sambaza hufuata. Kwa sababu hiyo, mitambo ya kuvuna methani, ikiwemo ya Karongi yenye megawati 26 iliyozinduliwa mwaka 2016, hutakiwa kuyarudisha kwenye kina kinachofaa maji iliyokwisha kuyatoa gesi. Maji hayo yana virutubisho vingi, na yakimwagwa juu mno yanaweza kuvuruga tabaka wanamoishi samaki.

Kwa wakazi wa Rubavu, elimu hii ina uzito wa moja kwa moja. Kila mwaka Rwanda husimamisha uvuvi ziwani kwa muda ili samaki wapate kuzaa na kukua, na nyavu zenye matundu madogo mno zimepigwa marufuku. Kwa kuwa vifaranga vya sambaza hukulia karibu na ufuo, kokoro moja linalovutwa pale huondoa samaki ambao wangevuliwa kwenye kina miezi michache baadaye. Mvuvi anayekubali kungoja, na mnunuzi anayekataa samaki wachanga, wote wawili wanailinda nafasi ileile moja inayomlisha sambaza na kuwalisha wao.