Maonyesho ya wapigapicha chipukizi (ukanda wa Ziwa Kivu)

Maonyesho ya wapigapicha chipukizi ni mikusanyo ya picha mnato za wasanii ambao bado hawajapata jina. Huandaliwa ama katika ukumbi mmoja kwa wiki chache, ama kama tamasha linalotapakaa mji mzima. Makala hii inayatazama kutoka Nkanka, sekta ya Wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, katika eneo ambalo watu wengi bado huliita Cyangugu ingawa mkoa wa jina hilo ulifutwa mwaka 2006. Nkanka iko ufukweni mwa Ziwa Kivu, na mji mkubwa ulio karibu nayo ni Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Kigali iko mbali, nyuma ya msitu wa Nyungwe.

Katika sekta kama hii upigaji picha ni riziki kabla haujawa sanaa: pasipoti, ubatizo, mahafali, na zaidi ya yote harusi. Kwa Kinyarwanda mpigapicha wa namna hiyo huitwa gafotozi, neno lenye utani ndani yake. Umbali kati ya gafotozi na ukuta wa maonyesho haupimwi kwa kilomita peke yake.

Mlango wa kawaida ni mwito wa wazi. Waandaaji hutangaza, mpigapicha hutuma mfululizo wa picha pamoja na maelezo mafupi ya kazi yake, kisha jopo huchagua. Hapo ndipo wengi hukwama, wala si kwa kukosa jicho. Mpigapicha wa harusi ana maelfu ya picha, lakini kila moja ni ya mteja wake na inasimama peke yake. Jopo linatafuta picha zinazoitana, kumi au ishirini zinazouliza swali moja. Maelezo nayo kwa kawaida hutakiwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, bado hakijapata kiti katika shughuli hiyo. Halafu kuna suala la ukubwa: picha iliyopendeza kwenye simu, ikishapitishwa WhatsApp na kubanwa, hugeuka vumbi inapochapishwa kwa upana wa mita moja.

Tamasha lililofungua njia barani ni Rencontres de Bamako, lililoanza nchini Mali mwaka 1994. Lilisaidia kuwatambulisha kwa dunia mabingwa wa studio kama Seydou Keïta na Malick Sidibé, ambao hawakuwa chipukizi hata kidogo, lakini pia likawapa vijana mahali pa kuonekana. Aida Muluneh wa Ethiopia alipata tuzo huko mwaka 2007, akarudi Addis Ababa, na mwaka 2010 akaanzisha Addis Foto Fest. Afrika Mashariki ikapata tamasha lake la kimataifa la picha lililoandaliwa na mpigapicha mwenyewe, na jambo hilo lina uzito, kwa sababu anayechagua ndiye anayeamua nchi ionekane na sura gani. Kampala ilifuata mwaka 2012 na Uganda Press Photo Award. Mwaka 2016 Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, alishinda tuzo ya ugunduzi ya tamasha la Arles, Ufaransa, kwa picha za mwanamke mwenye ualbino zilizopigwa Kibera.

Ziwa Kivu lenyewe lina kisa chake cha mapema, na kwa maoni ya mwandishi ndicho kinachofundisha zaidi. Mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek aligawa kamera za kutumia mara moja kwa watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, kilichoanzishwa na Rosamond Carr mwaka 1994 upande wa Gisenyi, kaskazini mwa ziwa. Filamu zilisafishwa papo hapo nchini. Picha zilitundikwa kwanza kwenye kuta za kituo na kupangwa katika albamu za watoto wenyewe. Maonyesho ya Kigali, kwa mwaliko wa ubalozi wa Marekani, yalikuja baada ya mwaka mmoja. Watazamaji wa kwanza walikuwa wale waliomo pichani. Maonyesho mengi makubwa yaliyofuata kuhusu eneo hili yalipindua utaratibu huo.

Mfano ni mradi wa Congo in Conversation. Mwaka 2020 mpigapicha Finbarr O'Reilly alikuwa amepewa tuzo ya Carmignac ili apige picha Kongo, mara korona ikafunga mipaka. Badala ya kusubiri, mradi uligeuzwa kuwa jukwaa la wapigapicha wa Kongo wenyewe: Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Raissa Karama Rwizibuka wa Bukavu na wengine. Kwa baadhi yao huo ulikuwa mlango wa magazeti ya kimataifa. Lakini picha zilitundikwa kandokando ya mto Seine, Paris, huku wakazi wa Rusizi na Bukavu, waliozoea kuvuka daraja kila siku, wakiwa wamefungiwa kila mmoja upande wake. Mwaka huohuo mpigapicha Pamela Tulizo wa Goma, mji mwingine wa Kongo ufukweni mwa Kivu, aliyepitia shule ya Market Photo Workshop ya Johannesburg, alishinda tuzo ya Dior ya vijana wenye vipaji. Kazi yake inamweka mwanamke wa Goma kati ya sura mbili: ile anayopewa na vyombo vya habari vya nje, na ile anayojijua nayo.

Upande wa Rwanda, jina la kukumbuka ni Jacques Nkinzingabo, mwanzilishi wa Kigali Center for Photography na wa tamasha la Kigali Photo Fest. Kituo hicho kimempunguzia kijana Mnyarwanda safari ya Bamako au Arles, ingawa wa Nkanka bado ana safari ndefu ya basi mbele yake.

Kuhusu maudhui, ufuko wa Kivu una mtego. Usiku wavuvi wa sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka, wakiimba. Kila mgeni mwenye kamera huipiga picha hiyo, na majopo yameshaiona mara nyingi. Kilicho adimu ni kile ambacho mgeni hakioni: mwanamke anayepima sambaza alfajiri, foleni ya mpakani, albamu ya harusi ya 1988 iliyonusurika ndani ya begi wakati wa ukimbizi.

Katika filamu, tatizo la umbali lilishapata jibu moja. Tamasha la Hillywood, lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, lilibeba skrini ya kujazwa hewa na kuonyesha sinema za Kinyarwanda vilimani, bure, uwanjani. Skrini ile inahitaji jenereta na lori. Picha mnato inahitaji ukuta wa ofisi ya sekta, au kamba na vibanio vya nguo siku ya soko.