Kuwaenzi Madiwani Wastaafu wa Busia na Tororo: Heshima Huanzia Wapi?

Utangulizi

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Husema pia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali ya kwanza inatudai tuwatunze wanaotutumikia nyumbani. Ya pili inatuonya kwamba sifa za bure humharibu anayesifiwa na kile anachokitoa. Swali la kuwaenzi madiwani wastaafu limesimama katikati ya methali hizi mbili.

Katika insha hii ninaangalia historia ya madiwani wa Busia, upande wa Kenya, pamoja na viongozi wa mabaraza ya mitaa wa Tororo na Busia, upande wa Uganda. Ninataka kujibu swali moja: jamii inayotaka kuwaenzi wazee hawa ianzie wapi? Hoja yangu ni kwamba ianzie kwenye kumbukumbu za kazi yao. Pensheni na medali ni madai ya haki, lakini bila kumbukumbu hatutajua tunampa nani na kwa lipi.

Nimelichagua eneo hili kwa sababu ndiko kwetu. Nilizaliwa Busia ya Kenya, na shangazi zangu wameolewa ng'ambo ya mpaka. Katika ukoo mmoja unaweza kumkuta mzee aliyeitwa diwani na shemeji yake aliyeitwa mwenyekiti wa LC. Kazi zao zilifanana sana. Namna serikali zao zilivyoachana nao ndiyo inayotofautiana.

Watawala wa kuletwa

Hadi mwaka 1902 eneo lote hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mito kama Sio na Malaba ikawa sehemu ya mpaka. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanyika pande mbili bila kuulizwa.

Hawakuulizwa pia juu ya nani awatawale. Upande wa Uganda, Semei Kakungulu na mawakala wake Waganda walieneza utawala wa Kiganda katika eneo la Bukedi, ambalo Tororo ni sehemu yake. Upande wa Kenya, Waingereza walimtegemea Nabongo Mumia wa Wanga, wakampa cheo cha chifu mkuu mwaka 1909, na jamaa zake wakapelekwa kusimamia watu wasiokuwa Wawanga. Kwa hiyo pande zote mbili zilianza karne ya 20 zikiwa chini ya watu walioletwa kutoka kwingine, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi na kutoa amri.

Ni lazima tuikumbuke hali hii ili tuelewe uzito wa diwani. Chifu alishusha maneno ya serikali kwa watu, na diwani, angalau kwa nadharia, alitakiwa kuyapandisha maneno ya watu hadi serikalini. Nchini Kenya mabaraza ya wenyeji yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1924, na mwaka 1950 yakageuzwa kuwa mabaraza ya wilaya ya Waafrika. Mwanzoni yaliongozwa na maofisa wa kikoloni na uwezo wake ulikuwa mdogo. Hata hivyo, ndiyo yaliyokuwa shule ya kwanza ya watu wa kawaida kujadili bajeti, shule na barabara zao.

Upande wa Uganda sheria za mwaka 1949 na 1955 ziliyapa mabaraza ya wilaya madaraka zaidi. Lakini Januari 1960 Bukedi iliwaka moto. Watu walivamia nyumba za machifu wakipinga jinsi kodi ilivyokadiriwa na jinsi machifu walivyotumia vyeo vyao. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya uchunguzi. Ninavyoisoma mimi, ghasia zile zinatufundisha kwamba watu wa Tororo hawakuwa watu wa kumheshimu kiongozi kwa cheo tu. Walitaka hesabu.

Diwani wa Busia: kutoka shule hadi sokoni

Busia ya Kenya ilipata wilaya yake mwaka 1963, pamoja na baraza la kaunti. Ndani ya baraza hilo walikaa Wabukhayo, Wamarachi, Wasamia, Wanyala na Wateso. Mzee mmoja wa karibu na Malaba, aliyekuwa diwani kwa vipindi vitatu, aliniambia kwamba Kiswahili ndicho kilichowawezesha kugombana bila mkalimani. Sisi tunaosoma lugha hii darasani tunapaswa kulikumbuka hilo.

Madiwani wa miaka ya mwanzo walikuwa na kazi nzito. Baraza lilisimamia shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani. Kisha ikaja sheria iliyozihamisha kazi hizo tatu kwenda serikali kuu kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Siku moja tu diwani alikuwa mtu wa kuamua shule ijengwe wapi. Siku iliyofuata alibaki na soko, kichinjio, leseni na stendi ya magari. Kodi ya kibinafsi iliyokuwa ikiyalisha mabaraza nayo ilifutwa katika miaka ya 1970. Wananchi hawakupunguza madai yao. Waliendelea kugonga mlango wa diwani usiku wakitaka karo, daraja au gari la kumpeleka mgonjwa hospitali, wakati baraza halikuwa na fedha wala mamlaka ya mambo hayo.

Kuanzia 1974 madiwani walichaguliwa siku moja na wabunge: 1974, 1979, 1983, 1988, 1992, 1997, 2002 na 2007. Anayehesabiwa kuwa alitumikia muda mrefu ni yule aliyeshinda chaguzi tatu au nne kati ya hizi. Baada ya Machi 2013 hapakuwa tena na diwani wa namna ile. Mabaraza 175 ya nchi nzima yalifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kaunti 47 zenye wawakilishi wadi. Ofisi iliyodumu kwa vizazi ilifungwa, na wengi waliokuwa wameishikilia walirudi nyumbani bila pensheni.

Linganisha na mbunge. Sheria ya pensheni za wabunge ya Kenya inampa malipo ya kila mwezi mbunge aliyetumikia vipindi viwili. Diwani wa vipindi vinne, aliyekaa kilomita moja kutoka kwa wapiga kura wake na kuzika wafu wao kila Jumamosi, hakuwekewa utaratibu kama huo. Madiwani wa zamani wamepeleka maombi yao hadi Seneti, wakitaka malipo ya mara moja na pensheni ya kila mwezi. Wakati maombi yakizunguka ofisini, waombaji wanazeeka. Aliyechaguliwa mwaka 1974 akiwa na miaka 30 alitimiza miaka 80 mwaka 2004 jumlisha ishirini, yaani 2024.

Mwenyekiti wa Tororo: cheo kisichoisha

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda vingine. Sheria ya mwaka 1967 iliyafanya mabaraza ya wilaya za Uganda kuwa mikono ya serikali kuu, na miaka ya Idi Amin haikuacha nafasi ya baraza lolote la kuchaguliwa. Baada ya National Resistance Movement kuchukua nchi mwaka 1986, mabaraza ya upinzani yaliyokuwa yameanzia vitani yalienezwa kila kijiji, na sheria ya mwaka 1987 ikayapa nguvu. Kila kijiji kilichagua kamati ya watu tisa. Baada ya Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, mabaraza haya yakaitwa LC, kuanzia LC 1 ya kijiji hadi LC 5 ya wilaya. Mwaka huohuo wa 1997 Busia ilitengwa na Tororo ikawa wilaya kamili.

Kamati hizo changa zilipata mtihani mapema. Desemba 1987 askari wa Kenya na Uganda walirushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa kwa muda. Kwa watu ambao shamba liko huku na soko liko kule, hayo hayakuwa mambo ya mabalozi. Yalikuwa mambo ya unga na chumvi, na wa kwanza kuulizwa walikuwa viongozi wa kijiji.

Mwenyekiti wa LC 1 ndiye anayeandika barua ya utambulisho. Bila barua hiyo ni vigumu kuuza kiwanja, kuomba mkopo au kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi. Husikiliza kesi ndogo, hushuhudia mauziano ya ardhi na hulinda muhuri wa kijiji. Ofisi yake mara nyingi ni kiti chini ya mwembe.

Diwani wa Kenya alifutiwa ofisi. Mwenyekiti wa Uganda alinyimwa mwisho wa kipindi. Baada ya uchaguzi wa 2001, vijiji havikupiga kura tena hadi tarehe 10 Julai 2018, kwa sababu ya kesi mahakamani na madai ya ukosefu wa fedha. Watu waliochaguliwa kwa kipindi kimoja walikaa miaka 17, na wengine walifariki wakiwa bado na muhuri. Waliochaguliwa 2018 nao waliongezewa muda kipindi chao kilipokwisha mwaka 2023.

Malipo yao yanajulikana na kila mtu: shilingi 120,000 za Uganda kwa mwaka, sawa na shilingi 10,000 kwa mwezi. Kisha kuna hadithi ya baiskeli. Kabla ya uchaguzi wa 2011 serikali iliagiza baiskeli 70,000 kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji na mitaa. Fedha zililipwa, baiskeli hazikufika, na maofisa wa wizara walihukumiwa katika Mahakama ya Kupambana na Rushwa. Kwa watu wa Busia jambo hili lina uchungu wake. Hapa ndipo inaposemwa kwamba boda boda ilizaliwa katika miaka ya 1960, vijana wakiwabeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Katika mji uliotoa jina la boda boda, mwenyekiti aliahidiwa baiskeli akaendelea kutembea kwa miguu.

Je, wote wanastahili?

Msomaji anaweza kuuliza: je, madiwani hawa wote walikuwa watu wema? Hapana. Tume ya Ndung'u iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma nchini Kenya ilitoa ripoti yake mwaka 2004, na mabaraza ya kaunti yalilaumiwa kwa kugawa ardhi waliyokabidhiwa waitunze kwa niaba ya wananchi. Viwanja vya masoko viligeuka kuwa maduka ya watu binafsi. Upande wa Uganda si siri kwamba barua ya LC, ambayo ni haki ya mkazi, imewatoa watu wengi pesa.

Ndiyo maana siungi mkono heshima ya jumla jamala, ambapo kila aliyewahi kuitwa mheshimiwa anavishwa shada la maua. Hapo ndipo tembo hutiwa maji. Lakini pia sikubali hoja kwamba kwa kuwa baadhi waliiba, wote wasahauliwe. Makosa ya wabunge hayajawahi kuwa sababu ya kufuta pensheni za wabunge wote.

Historia yetu huwakumbuka wakubwa kwa urahisi. Kila mtu Busia anaweza kukusimulia juu ya ndugu wawili wa ukoo wa Awori: Moody, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003, na Aggrey, aliyegombea urais wa Uganda mwaka 2001. Ukiuliza ni diwani gani aliyetetea zahanati ya kata yako isihamishwe, au ni mwenyekiti gani aliyesuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba la babu yako, utapata kimya.

Kuanzia kwenye kumbukumbu

Yule mzee wa Malaba anahifadhi kumbukumbu za vikao katika sanduku la bati chini ya kitanda. Baadhi zimeliwa na mchwa. Nilipomwuliza angependa aenziwe vipi, hakutaja medali. Alisema, "Mjukuu wangu, waje wasome tulichoandika kabla hakijaisha." Kisha akaongeza kwamba pensheni nayo angeipokea, maana dawa za presha hazinunuliwi kwa kusomwa. Sioni mgongano katika majibu yake mawili.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali za kaunti na za wilaya zikusanye mihtasari ya mabaraza ya zamani, madaftari ya LC na orodha za waliochaguliwa, na kuziweka mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha nani alitumikia miaka mingapi, na hivyo itayapa madai ya pensheni msingi usiopingika. Pili, vyuo vyetu viwatume wanafunzi kuwahoji wazee hawa katika lugha zao na katika Kiswahili, wakiwauliza mazuri na mabaya. Tatu, mikutano ya hadhara ya kuwaenzi ifanywe kwenye vijiji na wadi walizozitumikia, mbele ya watu wanaoweza kusema, "Huyu tunamjua, alifanya hili," au kunyamaza.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba Busia na Tororo zilianza chini ya watawala wa kuletwa, na kwamba diwani na mwenyekiti wa kijiji walikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza waliotoka kwa watu wenyewe. Kenya iliwafutia ofisi mwaka 2013 bila kuwaaga ipasavyo. Uganda iliwaacha vitini miaka 17 bila kuwauliza wananchi. Pande zote mbili zina deni, na deni hulipwa kwa hesabu. Sheria ya pensheni inaweza kupitishwa hata miaka kumi ijayo. Mihtasari iliyo chini ya kitanda cha mzee haina miaka kumi.