KUMBE DAWA YA NGOZI ILIWAHI KUPOFUSHA WAGONJWA WA MALALE!

Vijana wengi wanaopaka minoxidil ili ndevu zijae hawajui kwamba ilianza kama dawa ya presha. Wagonjwa walimeza vidonge, wakaanza kuota nywele hata wasipotaka. Mwaka 1988 Marekani ikaruhusu iuzwe kama dawa ya kupaka kichwani. Dawa ya zamani, kazi mpya, na hiyo iliisha vizuri.

Sasa kuna nyingine iliyoliza watu.

Ilagala ya leo inajulikana kwa mawese na Mto Malagarasi unaoingia Ziwa Tanganyika. Lakini miaka zaidi ya 100 iliyopita, mwambao wa ziwa hili uliogopwa kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ukifika kwenye ubongo, mtu analala mchana, anachanganyikiwa, anakufa.

Wakati huo Ulaya walikuwa na dawa ya magonjwa ya ngozi iitwayo Atoxyl. Jina lenyewe maana yake eti "si sumu", wakati ndani kulikuwa na aseniki! Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool wakaona inaua vijidudu vya malale kwa wanyama.

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyetoka kupata Nobel, akaipeleka visiwa vya Ssese, Uganda. Mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Vijidudu vilipotea kwenye damu, waliolala wakaamka, watu wakafurika kambini. Baadaye vijidudu vikarudi. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja, maana dawa ile inaharibu mshipa wa fahamu wa jicho.

Pamoja na hayo, Wajerumani waliendelea kuitumia kwenye kambi za malale za koloni lao, zikiwemo za mwambao wa Tanganyika upande wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Wagonjwa wengine walitoroka, na ukijua walichokiogopa huwezi kuwalaumu.

Dawa hiyohiyo ndiyo Paul Ehrlich aliichunguza mpaka ikapatikana Salvarsan mwaka 1910, dawa ya kaswende. Na leo malale ina kidonge, fexinidazole, nacho kilikaa kabatini miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Kwa malale ya Afrika Mashariki kilijaribiwa Malawi na Uganda, na Desemba 2023 wataalamu wa dawa wa Ulaya wakakikubali.

Jina la Koch lipo vitabuni. Ya wale waliopofuka Ssese nani anayajua? Mdau, kama babu au bibi yako wa Ujiji, Ilagala au Kalinzi aliwahi kusimulia habari za malale, shusha hapo chini.